Magunzi kwenye Milango ya Gari la Zahanati

Siku yangu ya kwanza gereji nilipewa ndoo mbili na kuonyeshwa njia ya kwenda mtoni. Nilikuwa nimeishia darasa la tatu, nimechuma majani chai ya watu hadi vidole vikawa vyeusi, na Mkuu wa Gereji alikuwa anatafuta mtu wa kuchota maji. Gereji ilikuwa Kisii mjini, kwenye mteremko, na maji ya bomba yalikuja yakitaka. Basi nikachota.

Ninyi mnaosoma ufundi sasa mtauliza maji ya nini. Kazi yetu kubwa ilikuwa yale magari ya kizamani ya kupanda milima, yenye milango ya bati bapa na bawaba za nje. Injini zake zilikuwa ngumu kama punda. Milango ndiyo ilivuja, na mvua ya huku mnaijua, mchana ukigeuka inakuja na haibishi hodi. Gari likiletwa, mtu mmoja alimwaga maji nje, mwingine alijifungia ndani na tochi atazame yanapoingilia. Wanaume hawakutaka kulowa. Nikakaa mimi.

Kiswahili changu nilikipatia humo ndani. Mkuu wa Gereji alikuwa mtu wa kutoka upande wa ziwani, mrefu, sauti ya chini. Hakujua Ekegusii, nami lugha yake sikuijua.

"Mama Kerubo," aliniambia, "maji yaanzie chini. Ukianza na paa, kila kitu kitalowa na hutajua mwizi ni nani."

Kwa hiyo unaanza na kizingiti, unapanda ubavuni mwa mlango, halafu kioo. Paa ni mwisho. Alinifundisha pia kupaka raba, ule mpira unaozunguka mlango, unga wa mawe ya sabuni, ule unaobaki chini wachongaji wa Tabaka wakimaliza kazi zao. Unafunga mlango, unafungua, unatazama bati. Palipobaki unga, raba inashika. Pasipo na unga, pana mwanya. Hata hapo alikataza mtu kukimbilia raba mpya. Kaza bawaba kwanza, weka washa, kile kipete cha chuma, chini yake, sogeza kishikio cha kufuli. Raba husingiziwa mengi. Sijaona fundi mwingine aliyepiga magoti mbele ya mlango wa gari kwa heshima kama yule.

Chini yake alikuwa Fundi wa Bodi, mtu wa Marani. Bati likipita mikononi mwake ungeweza kujitazamia uso, lakini mdomo ulikuwa pilipili. Alinikuta siku moja na bisibisi.

"Wewe ni wa ndoo au wa bisibisi?"

"Ndoo imejaa. Nimekaa tu."

"Basi kaa vizuri."

Akaenda kunisemea. Mkuu wa Gereji akaniita pembeni. "Usiguse gari la mteja bila kuagizwa. Nikisikia tena, utarudi kwenye majani chai." Nyumbani nilikuwa na watoto wanne na shamba la kutosha migomba kumi. Nikasema nimesikia, Mzee.

Shida ni kwamba nilikuwa nimeshagusa. Mapema kiangazi hicho, dereva wa zahanati moja ya upande wa Nyamarambe alinilalamikia vumbi. Nikainama, nikaona matundu madogo chini ya kila mlango. Nikajiambia, vumbi linaingilia hapa, na hawa mafundi wakubwa hawajaona. Nikachonga magunzi ya mahindi, nikayagonga kwa jiwe, matundu yote yakazibika kama chupa. Dereva alifurahi. Nami nilitembea siku nzima kifua mbele.

Mvua zikaanza. Gari la zahanati likaja, linavuja. Fundi wa Bodi akabadilisha raba. Likarudi. Akabadilisha tena. Mara ya tatu alikuja nalo Sista Mkuu wa zahanati mwenyewe, mkononi ana kadi za kliniki za watoto, zimelowa hadi wino umekimbia.

"Mzee," alimwambia Mkuu wa Gereji, "wagonjwa ninaowabeba wanafika wamelowa kuliko wanaotembea. Leo lisipopona nalipeleka kwingine, na nitasema kwa nini."

Nikaingia ndani, nikavuta mlango. Nikasikia maji yakicheza ndani ya bati, kama mtungi unapobebwa. Fundi wa Bodi alikuwa bado hajamwaga hata tone. Nikapapasa ule ubao wa ndani unaofunika mlango, maji yanachirizika chini yake, polepole. Raba ilikuwa kavu kabisa.

Hapo nikaelewa. Mvua ikipiga kioo, maji hushuka ndani ya mlango. Ndivyo gari lilivyoundwa. Matundu ya chini ni ya kuyatoa. Mimi ndiye niliyeyaziba.

Ningeweza kunyamaza. Fundi wa Bodi angelaumiwa, na sitadanganya, nilifikiria hivyo kwa muda wa kutosha kuona aibu. Kisha nikashuka.

"Mzee, si raba. Mlango umejaa maji. Niliziba matundu kwa magunzi wakati wa vumbi. Hakuna aliyeniagiza."

Fundi wa Bodi akacheka. "Magunzi? Sasa tunapika githeri kwenye mlango?" Kisha akageuka. "Mzee, anatafuta jina. Huyu anajua nini?"

Mkuu wa Gereji alifungua mlango wa gari, akaketi nilipokuwa nimeketi, na viatu vyake vilivyong'arishwa, akaufunga. "Mwaga," akaniambia.

Nikaanza chini. "Kavu," akasema. Nikapanda ubavuni, kwenye raba yote. "Kavu." Nilipofika kwenye kioo, akasema, "Hapa yanaingia." Kisha akashuka, miguu imelowa hadi kwenye soksi, akaniletea msumari mrefu. Nikapiga magoti, nikachokonoa gunzi la kwanza. Maji yakaruka kama ng'ombe anakojoa, rangi ya chai ya maziwa, yakamwagikia magoti yangu. Sista alirudi nyuma. Fundi wa Bodi alikunja mikono, akatazama kwingine.

Nilingoja kufukuzwa. Mkuu wa Gereji alimgeukia Sista. "Kosa ni la gereji yangu. Limepatikana." Kisha mimi. "Milango mingine mitatu hiyo. Na kesho njoo na kitambaa cha kichwa kizuri, utafanya kazi na Fundi wa Bodi."

"Na maji atachota nani?" Fundi wa Bodi akauliza.

"Wewe una miguu."

Alichota wiki nzima, akinung'unika. Baadaye alinifundisha kunyoosha bati bila kunificha kitu, nami namheshimu kwa hilo.

Nilikaa pale miaka mingi, kisha nikapelekwa tawi la Ekerenyo chini ya Msimamizi wa Tawi, Msabato aliyefunga gereji Ijumaa jua likielekea kuzama hata kama gari halina magurudumu. Baada yake akaja Meneja kijana, mwenye kutengeneza kila kitu kwa gundi ya silikoni. Huyo pia alikuwa na akili, ila nilimfungulia mlango mmoja nikamwonyesha matundu, naye akaiweka silikoni chini. Niliacha kazi macho yalipokataa kuona unga kwenye bati.

Sasa niko nyumbani, natazama magari yakipanda mlima na matope, na milango niliyoitengeneza naijua kwa jinsi inavyofungwa, mlio mmoja mfupi. Najivunia, sifichi. Nimefanya kazi chini ya wakubwa watatu, na wote walilijua gari. Lakini nilipokiri kosa ambalo lingeninyima chakula cha watoto wangu, yule wa kwanza hakuuliza nina elimu gani wala nani alinituma. Aliingia ndani ya gari, akafunga mlango, akaniacha nimloweshe viatu.