Kisu cha Mama kwenye Barabara ya Walowezi

Hebu sogea karibu, wewe unayenisikiliza, maana jambo hili ni rahisi likielezwa polepole. Siku ukipelekwa kuona barabara ya kale ya walowezi kule Blue Mountains, magharibi mwa Sydney, usikimbilie mandhari. Angalia chini. Barabara ile ilipita juu ya mwamba mtupu, na alama zake zingalipo. Mitaro miwili inayokwenda sambamba ni ya magurudumu ya mikokoteni ya ng'ombe. Mikwaruzo mifupi kwenye kuta, yote imelala upande mmoja, ni ya tindo za wafungwa waliochonga njia. Matundu yasiyo na mpango ni kazi ya mvua na upepo.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikimweleza mama yangu Jumamosi moja tukiteremka njia ile. Alikuwa amekuja kututembelea Merrylands, mtaa wa Sydney tunakoishi, kutoka Machakos, na viza yake ilikaribia kwisha. Baba alikwisha kufariki. Kule nyumbani mama alibaki na kuku wake. Nilitaka akubali tumwombee kibali cha kuishi nasi moja kwa moja. "Nitaangalia," alikuwa akisema, kama mtu anayekagua mbuzi sokoni.

Aliyemvuta kubaki hakuwa mimi, alikuwa binti yangu. Kwetu, mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la mama yake baba, kwa hiyo wale wawili walikuwa na jina moja, na mama alimwita wajina tu. Binti yangu anaelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza. Mama anaelewa Kiingereza lakini hujibu kwa Kiswahili. Waliongea hivyo kutwa nzima bila kuchoka.

"Na hii?" mama aliuliza, akionyesha ufa.

"Huo ni ufa wa kawaida, mama. Maji yanaingia, yanakula jiwe kidogo kidogo..."

"Ameanza! Wajina, baba yako alianza kunifundisha kabla hajaota meno."

"Hanyamazi, Nyanya," binti yangu akajibu kwa Kiingereza chake, na wakacheka wakiegemeana.

Tulikaa kula kwenye jiwe bapa lililopitiwa na kijito chembamba. Mama alitoa nanasi kwenye kikapu, kisha kisu, akakipapasa makali na kusonya. Pembeni ya maji palikuwa na mifuo mifupi, laini kama ndani ya kijiko. Niliijua. Si ya magurudumu. Ni ya zamani kuliko walowezi wote. Wenyeji wa nchi ile walinolea hapo mashoka yao ya mawe. Nilikuwa namalizia kutafuna ili nianze kueleza.

Mama hakungoja. Kwetu, mtoni, kuna jiwe la kunolea ambalo ni la kila mtu, na hakuna anayeomba ruhusa. Alichuchumaa, akateka maji kwa kiganja, akalaza kisu kwenye mfuo na kuanza kunoa.

"Acha! Acha mara moja!" Mwanamke mmoja Mzungu aliyekuwa akipita na fimbo mbili za kutembelea alitujia mbio, simu mkononi. "Huo ni urithi wetu! Nitawaripoti!"

Niliinuka nieleze. Binti yangu aliniwahi, uso umemwiva kwa aibu. "Samahani sana," alimwambia. "Huyu hajui kitu. Ni mgeni tu."

Mama alifuta kisu kwa leso yake. "Nisamehe, sikujua," alimwambia yule mwanamke kwa Kiingereza safi. Kisha akarudi kukata nanasi, na kipande cha kwanza akampa mjukuu wake.

"Chukua, mtoto."

Mtoto. Hakusema wajina.

Yule mwanamke alikuwa na haki, na mimi mwenyewe ningemzuia mama kama kinywa changu kingekuwa kitupu. Lakini tulipopanda kurudi nilisoma kibao cha maelezo, na hadi leo kinaniudhi. Kilisifu ushujaa wa walowezi na mikokoteni yao iliyokwangua mwamba mwaka baada ya mwaka. Wenye mashoka ya mawe walipewa sentensi moja, chini kabisa. Na mtu anasimama hapo na kusema "wetu".

Jioni mama aliniita jikoni. "Mwanangu, nitarudi kwa kuku wangu."

"Ni kwa sababu ya yule mama wa fimbo?"

"Yule? Yule alisema kweli, mawe si yangu." Alikuwa anaosha kile kisu. "Ila nimeambiwa mimi ni mgeni. Basi mgeni anaaga."

Nilimweleza binti yangu kwa upole alichovunja, akalia mpaka akavimba macho. Siku hizi mama akipiga simu, yeye ndiye wa kwanza kuishika, na anajibu kwa Kiswahili.

"Hujambo, wajina?" binti yangu anauliza.

Sauti ya mama inasikika kwenye spika: "Sijambo, mtoto. Nipe baba yako."

Kisu alituachia, na bado kinakata vizuri mno. Kwa hiyo ukimpeleka mzazi wako huko, mweleze habari za mawe yale mkiwa bado ndani ya gari, yeye pamoja na watoto. Na kisu chako kinoe nyumbani kabla ya kutoka.