Jina Lililokubaliwa na Kompyuta

Chekeni mkitaka. Mimi haya sikusimuliwa na mtu. Niliyaona kwa macho yangu haya mawili, tena mchana, nikiwa nimekula na kushiba.

Ilikuwa miaka ya tisini, Sotik. Mimi ni Mkisii, kwetu ni ng'ambo tu ya mpaka, na nilikuwa nimeajiriwa kufundisha katika chuo kidogo cha kompyuta cha Bwana Koech. Chuo chenyewe kilikuwa chumba kimoja cha mabati na mashine tatu, na nyumba yake ilikuwa hapo nyuma. Jumamosi wazazi wangekuja kutazama, na Koech alitaka waone gemu ya ndege aliyoipata Nairobi kwenye disketi.

"Wakiona ndege inaruka kwa kioo, Mwalimu, wataleta watoto wenyewe," aliniambia.

Ndege ilikataa kuruka. Gemu ilifunguka vizuri, ikauliza jina la mchezaji, na ukiandika tu, kioo kinaganda. Nilizima, nikawasha. Nikatafuta virusi. Nikafungua mashine, nikachomoa memori na kuisugua meno kwa raba ya penseli, kama tulivyofunzwa. Wapi! Niliandika jina langu, nikaandika Koech, nikaandika majina ya wanafunzi wote. Mimi si mtu wa kushindwa na chuma, basi nikafunga mlango na kuapa sitoki humo mpaka kieleweke.

Kama saa tisa hivi mvua ya mawe ikaanza. Mnaijua mvua ya mawe ya huku, ile inayochana majani ya chai mpaka watu wazima wanalia. Chini ya mabati husikii hata ukipigiwa kelele sikioni. Lakini nilisikia sauti nyuma yangu, ya taratibu kabisa.

"Chepto, hapana ita hao."

Chepto ni msichana kwa Kikipsigis. Nikageuka. Alikuwa mama mzee sana, masikio yametobolewa na kuvutwa mpaka ndewe zinaning'inia, kama wazee wao wa zamani. Kwa nini sikumuuliza ameingiaje? Sijui. Nilimuuliza, "Niite nani basi, mama?"

"Ita mimi. Taputany."

Nikaandika vile alivyotamka. Kioo kikaganda. Hapo ningeachia, jamani! Lakini nilikuwa nimefundisha watoto wa huko miaka miwili, nikajua ulimi wao unavyochanganya P na B. Ujuaji wangu ndio ulioniponza. Nikawasha tena, nikaandika kwa B: TABUTANY.

Niaminini, ile spika ndogo ndani ya mashine ilipiga chafya. Si mlio wa kompyuta. Chafya, ya mtoto mchanga. Ndege ikaruka. Nikageuka nimshukuru yule mama, hakuwepo, na komeo la mlango lilikuwa bado limefungwa kwa ndani.

Mvua ilipotulia nikasikia wanawake nyumbani kwa Koech wakiita, wakiita. Mara mlango ukagongwa. Alikuwa Koech mwenyewe, amelowa, viatu hana.

"Nataka simu, Mwalimu, nitafute gari. Mke wangu, Mama Chebet, amezaa, msichana, lakini mtoto hapumui vizuri. Wanamuitia majina." Akaona sielewi. "Kwetu mtoto anaitiwa majina ya wale walikufa. Akipiga chafya, basi huyo ndiye amerudi. Tulikuwa tunangoja kogo, nyanya yangu. Wameita Tabutany mpaka sauti imeisha. Mtoto amenyamaza tu."

Kisha akaliona jina kwenye kioo. "Nani amekupatia hiyo jina?"

Nikamwambia, na nilipofika kwenye masikio, Koech, mzee wa kanisa mzima, aliketi chini sakafuni.

"Huyo nilimzika mimi," akasema. "Amekosea mlango. Mtoe, Mwalimu. Tafadhali, mtoe."

Nilizima mashine, nikawasha. Jina lilikuwa bado pale, juu kabisa kwenye orodha ya wachezaji. Nikaamua kufuta gemu yote. Mashine ikaniuliza kama nina hakika, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Je, nilikuwa namtoa, au namuua mara ya pili? Nikabonyeza.

Nyuma ya chuo tukasikia chafya. Ile ile. Halafu kilio cha mtoto, halafu vigelegele. Koech alikimbia bila kuaga.

Mwisho wa mwezi niliacha kazi. Miaka kama mitano baadaye familia ile ikanialika kwa maombi, nami nikaenda, maana niliwapenda. Mtoto Tabutany aliletwa anisalimie. Alikuwa hajawahi kuniona, na kompyuta zilikuwa zimeuzwa kabla hajajua kutembea. Akanishika mkono.

"Mwalimu, mbona ulinifuta?"

Mama yake akacheka, akadhani anasema mambo ya ubaoni. Mimi nilishindwa kunywa chai.

Siku hizi kila kitu kinauliza jina: simu, benki, hata mzani wa majani ya chai. Andika lako. Mgeni akikutajia jina usilolijua na kukwambia umuite, usiandike, hata kama mashine imekataa majina yote ya walio hai. Nilimjibu yule mtoto kwamba sikujua, naye akasema, "Kule ndani nilikuwa nimeanza kuruka."