Siku Nilipochomoa Kiwaya cha Mzee Shomari

Jamani, hii naisema leo kwa sababu mdogo wangu Mwajuma keshawasimulia watu wengi mno, nimeona bora niitoe mwenyewe, aibu ni yangu.

Miaka ile magari ya mitumba kutoka Japani ndiyo yanaanza kumiminika, na mie nikapata langu, jekundu, lenye tabo ya kuiongezea injini nguvu, injini inaongozwa na kompyuta (Temeke yalikuwapo labda matatu, na langu ndilo lililong'aa). Nikajitapa nyumbani kwamba Mwajuma akiolewa nitambeba mie. Asubuhi ya harusi injini ikaanza kugonga, nikakimbilia kwa Mzee Shomari, fundi wa Mtoni.

Sasa nyie mnajua tulivyokuwaga: gari likiwa gereji mwenyewe unakaa pembeni unamkodolea fundi macho, la sivyo unaondoka na vifaa chakavu vya watu. Nikakaa. Mzee akapima, akasema taimingi imesogea, yaani cheche za plagi hazipigi kwa wakati wake, kisha akachomeka kiwaya kifupi kwenye kiboksi kidogo karibu na betri.

"Hicho cha nini, mzee?"

"Kinaituliza kompyuta, isiniingilie nikiseti. Nikimaliza nakitoa."

Kompyuta itulizwe na kiwaya cha urefu wa kidole? Nikajua huyu ananichezea, kuna kitu anataka kukinyofoa humo. Adhana ya adhuhuri ikalia, akaenda kuswali, mie nikakichomoa nikatia mfukoni, kimyaaa.

Aliporudi hakukitazama (angekitazama ya nini, na alikichomeka kwa mkono wake?). Akawasha injini, akamulika kwa taa ya kupimia, anazungusha distributa, ile inayogawa cheche kwenye plagi, huku anaguna: "Mbona alama ya taimingi inarukaruka? Ngoja nianze upya." Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake nikaona anavuta muda aniibie vizuri, nikamwambia kaza hivyohivyo, nachelewa.

Alasiri Mwajuma yuko kiti cha nyuma na shela lake, matarumbeta kwenye pikapu mbele, wakwe nyuma yetu. Gari halivuti. Nakanyaga mafuta mpaka mwisho, linakohoa, linachemka, waendesha baiskeli wanatupita wanatupungia mikono, mara bomba la moshi likalipuka, PAA! Matarumbeta yakanyamaza, mama wa bwana harusi akalala chini ndani ya gari lao, na langu likazimika hapohapo Mtoni, hatua chache tu kutoka gereji.

Mlipuko ukamleta Mzee Shomari mbio, taa mkononi. Nami mbele ya koo mbili nikapaza sauti: "Mwizi huyu! Kanibadilishia distributa!"

Mzee akanipita. Akafungua boneti, akakiinamia kile kiboksi, akanigeukia. "Kiwaya changu kiko wapi, mwanangu?"

Mkono wangu ukaenda mfukoni wenyewe, na watu wote wakauona. Akakichukua, akakichomeka, akaeleza taratibu tu kwamba bila hicho kompyuta ilikuwa inajisogezea taimingi mbele, naye akairudisha nyuma kupita kiasi. Akaseti upya, akakitoa; dakika kumi, gari linanguruma.

Nikashika mlango wa dereva. Mwajuma akasema, "Kaka, mpe mzee ufunguo."

Basi mtu niliyemwita mwizi ndiye aliyemfikisha mdogo wangu kwa mumewe, na ovaroli lake la grisi, mie nikafuata kwenye pikapu ya matarumbeta, nimeshikishwa ngoma. Nilimwomba radhi, akanisamehe, ila gari langu hakuligusa tena. Nimeapa sitamlinda fundi maishani mwangu: naacha ufunguo, naondoka, na roho ikiniuma, iniume nikiwa nyumbani.