Siku Mkono Ulipokataa Asali

Nikisikia harufu ya moshi wa majani mabichi uliochanganyika na nta, viwiko vyangu hukumbuka kabla yangu. Ni harufu ya nyumba ya shangazi Ester, Sikonge, likizo ile ya kipupwe mama alipojifungua pacha na nyumba yetu ya Tabora mjini ikakosa hata pa kuweka mguu. Baba, fundi cherehani, alinipandisha kwenye lori la tumbaku akaniachia onyo moja tu: nikiumwa hata kidogo, narudi mjini siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa binti wa miaka kumi na kitu niliyeng'ang'ania kwenda. Mtaani waliniita mtoto wa sindano, jina nililolichukia kuliko uji wa shule, na nilitaka nirudi na kazi ya mikono yangu ya kusimulia.

Shangazi na mumewe walirina asali kwa njia ya wazee wao. Mizinga ilitundikwa juu kwenye miombo, na msimu ulipofika mume alipanda na moshi wake, akaufunga mzinga kamba, akaipitisha kamba juu ya tawi, kisha akaufungua pale ulipotundikwa. Sisi wa chini tuliushusha. Mtu wa mjini atadhani hiyo ndiyo kazi rahisi, maana mzigo unakuja wenyewe. Thubutu! Mzinga uliojaa unataka kuanguka, nawe unaukatalia, kamba inakuvuta mikono inyooke nawe unaibania ije kidogokidogo, kwa sababu ukiiachia masega yatapasuka na asali itakuwa ya siafu. Shangazi alikuwa na usemi wake: kupandisha ni nguvu, kushusha ni adabu. Jioni yangu ya kwanza kwenye kamba nilionyesha adabu mpaka giza likatukaribia, na hakuna mzinga hata mmoja ulioanguka.

Asubuhi yake niliamka mzima, nikatembea uani nikijidai. Nilimwambia shangazi kwamba kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida tu. Alitabasamu akaendelea kupepeta mahindi. Balaa lilikuja asubuhi iliyofuata. Mikono ilikuwa imejikunja kwenye viwiko kama ya mtu aliyebeba mtoto, na nilipojaribu kuinyoosha nilitokwa na machozi. Kitambaa cha kichwa kilinishinda kufunga. Nilijua sumu ya nyuki imeniingia na nitakuwa kilema, lakini kilichoniogopesha zaidi ni lile lori la tumbaku. Nikajifunika khanga mpaka mabegani nikasema nasikia baridi.

Kumbe walikuwa wakiisubiri siku hiyo. Kwa shangazi, mgeni wa kamba hapewi sega lake siku ya kurina. Anapewa siku mkono unapokataa, mbele ya nyumba nzima, na lazima ajaribu kujilisha mwenyewe. Sahani ikaletwa pamoja na chai. Nilichukua kipande, nikakipandisha, mkono ukagoma chini ya kidevu na asali ikanitiririkia kifuani. Walicheka hadi wakajifuta macho, nami nikalia kwa hasira, nikasema basi, nirudisheni mjini. Shangazi akasogeza kigoda, akanilisha kwa mkono wake.

"Hujaumwa, mwanangu. Mwili unajifunza," aliniambia. "Baba yako naye alikaa hapo ulipokaa. Akaona sahani inakuja, akakimbia."

Nikaacha kulia. Baba hakuwahi kusema aliwahi kushika kamba. Kumbe ujanani aliamka na mikono kama yangu, akaamini mwili wake haukuumbwa kwa kazi ya porini, akaomba kubebwa kwenye baiskeli ya mchuuzi mpaka Tabora. Mjini aliwaambia watu nyuki wamemfukuza. Huko ndiko alikokutana na cherehani.

Nilibaki. Maumivu yalipokwisha tulirudi porini, nikashusha tena, na nilisubiri adhabu yangu mpaka asubuhi ya pili. Ilikuja ndogo, kiasi cha kukunja uso tu. Mchovya asali hachovyi mara moja, walisema wahenga, nami nadhani waliwahi kushika kamba. Baba alipokuja kunichukua alinikuta chini ya mti nikiushusha mzinga taratibu. Alisimama akiitazama kamba mpaka mzinga ukagusa majani.

"Haikuumi?" akaniuliza.

"Mara ya pili haiumi sana, baba."

Alimgeukia dada yake, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyenyimwa kitu. "Mbona mimi hamkuniambia?"

"Uliondoka kabla ya chai," shangazi akamjibu.

Siku hizi vijana wa mjini hulipia kunyanyua vyuma, wakaonyeshana kwenye simu jinsi wanavyoshindwa kushuka ngazi. Shangazi hatunaye tena, na mizinga mingi sasa ni ya mbao, huwekwa chini. Baba ninaye, nyumbani kwangu. Alivunjika nyonga, na mtaalamu wa mazoezi anamtaka aketi kitini polepole, bila kujitupa. Mtaalamu huyo alinieleza kwamba msuli ukifanya kazi huku unavutwa, nyuzi zake huchanika kidogo, kisha hujijenga zikawa imara zaidi. Nilimsikiliza kwa adabu nikamkumbuka shangazi. Juzi baba aliamka mapaja yakimuuma vibaya. Akageukia ukutani, akasema ameumbwa vibaya, mtaalamu asirudi tena, tumwache alale mpaka Mungu amchukue. Niliogopa, maana mzee akishaamua kulala hainuki tena.

Sikubishana naye. Nilikwenda jikoni, nikabandika maji ya chai, nikarudi na sahani yenye kipande cha sega la Sikonge, nikaiweka karibu na mto wake. Alinusa kabla hajageuka. Akaitazama sahani, akanitazama mimi, akauma midomo kuzuia kicheko. Kisha akanipa mkono nimwinue.

"Leo nitasubiri chai," akasema.