Verlene na Mlango wa Saa Moja

Wifi yangu Verlene Dykstra ni dereva wa basi la shule hapa mjini kwetu, jimbo la Iowa, Marekani, na basi lake halimsubiri mtoto wa mtu yeyote. Ndiyo maana chama chetu cha siasa kilimpa yeye uenyekiti wa ule mkutano wa kuchagua mgombea urais.

Wakati huo Iowa ndiyo ilitangulia nchi nzima kuchagua, na kwenye chama chetu hakukuwa na siri wala sanduku la kura. Tuliingia ukumbi wa michezo wa shule, kila mgombea ana kona yake, nawe unasimama kwenye kona ya umtakaye huku mumeo na majirani wanakutazama. Kona isiyofikisha idadi iliyowekwa ilivunjwa, watu wake wakahamia nyingine. Saa moja kamili jioni mlango ulifungwa. Ambaye hajafika kwenye foleni, imekula kwake.

Mwaka ule Verlene alikuwa na mgombea wake, mama mmoja seneta ambaye magazeti hayakumpa nafasi. Alimpigania tangu kiangazi, akagonga milango mpaka mbwa wa mji mzima wakamzoea. Siku yenyewe akaoka biskuti za karanga kuwavuta watu. Nilikula za kutosha, nikaenda zangu kona nyingine.

"Wifi, tumbo unalo, haya huna!" akanipigia kelele.

"Biskuti zako zimeiva, mgombea wako bado!"

Mlango ukafungwa, tukahesabiwa. Kona ya Verlene ilipungukiwa na mtu mmoja tu.

Mara kioo cha mlango kikagongwa. Alikuwa kaka yangu Gerrit, mumewe, theluji imemjaa kofiani. Alichelewa kwa sababu alikuwa akivuta kwa trekta gari la vijana waliotumbukia mtaroni. Vijana wenyewe walitangulia na gari lao wakawahi kuingia, na walikuwa wamesimama kona yangu.

"Verlene! Nifungulie, mke wangu!"

Ukumbi ukalipuka. "Mfungulie!" Hata wale vijana wakapaza sauti: "Mwenyekiti, amechelewa kwa ajili yetu! Sisi hatuna neno!"

Verlene alikuwa ameushika ufunguo. Nilijua alivyomtaka yule mama seneta.

"Mara iliyopita nilimfungia nje mchungaji, naye alikuwa ametoka kuzika," akasema. "Leo nimfungulie Gerrit kwa sababu nalala naye?"

Watu wakaangua kicheko, mchungaji mwenyewe akiwemo. Verlene akautia ufunguo mfukoni, akatangaza kwamba kona yake imevunjwa. Sauti ilikuwa imara ila machozi yalimtoka. Kawaida kona ikivunjwa tunawarukia watu wake na kuwabembeleza waje kwetu. Safari hii tulimpigia makofi kwanza, ukumbi mzima. Mimi nilipiga mpaka viganja vikaniwasha. Nilijivunia kwamba mwanamke yule ni wa nyumbani kwetu, na mpaka leo najivunia.

Mkutano ulipokwisha tulimkuta Gerrit ngazini, masikio yamekuwa mekundu kwa baridi. Verlene akamtolea biskuti aliyokuwa amenificha.

"Pole, mume wangu. Umenuna?"

"Ninune nini?" Gerrit akaitia mdomoni yote. "Ungenifungulia mimi, kesho watoto wote wangechelewa basi."