Tundu la Jina

Severina wa Chiungutwa, ambaye sote tunamwita Mama Dastani, ana jambo moja ambalo hata padre hajalisikia lote: anamwonea wivu Fatu. Na si wivu wa mume, jamani. Ni wa wimbo.

Walipokuwa wasichana walipalilia mikorosho pamoja, Severina akitunga, Fatu akiitikia. Wimbo mmoja Severina aliutunga wa kumtoa mwali unyagoni: "Mama fulani, toka uone, mkorosho wako umechanua." Pale penye "fulani" alipaacha wazi makusudi, litiwe jina la mama mwenye mwali.

"Wimbo wangu una tundu kama sikio," husema. "Kila mama avae hereni yake."

Siku mtu wa kurekodi alipofika Masasi, Severina alikuwa Ndanda, amekwenda kumzaa Dastani. Fatu akaimba peke yake. Mwali wa siku hiyo alikuwa Rukaiya, basi akaimba "Mama Rukaiya". Kanda ikazunguka, baadaye ikahamia kwenye simu, na leo hakuna bodaboda kutoka hapa hadi Newala asiyeupiga. Fatu hakutajirika, wala huko mbali hawamjui. Lakini akipita sokoni Newala watu humwita Mama Rukaiya, naye mtoto wake ni mmoja tu, Hamudi! Severina humwita mwizi. Kimoyomoyo, maana mdomoni husema "shoga yangu".

Desemba iliyopita jirani yake, Mama Witness, alikuwa anamtoa binti. Severina alifua kanga, akanywa maji ya tangawizi wiki nzima, akisubiri kuitwa. Aliyeitwa ni Fatu.

"Wewe utaitikia, Mama Dastani," jirani akamwambia kwa upole. "Si mmezoeana?"

"Tumezoeana sana," Severina akajibu, akaenda kuimwaga tangawizi kwenye mchicha.

Siku ikafika. Ngoma zikapashwa kwenye moto wa majani mpaka ngozi zikakaza. Fatu akaingia na miwani yake myeusi, vigelegele vikapasua anga. Severina alikaa nyuma, rozari mkononi, akiomba sauti ya mwenzake ikatike. Haikukatika. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Witness akatolewa, anang'aa mafuta, kanga mpya kabisa. Fatu akafumba macho.

"Mama Rukaiyaaa, toka uone..."

Ngoma zikasita. Miaka ishirini na mitano amekuwa akiuimba vile simu inavyouimba, ulimi ukapita njia yake. Mama Witness, aliyekwisha kuinuka kucheza, akabaki na mguu mmoja mbele.

Majaliwa, mtani wao, akapaza sauti: "Kumbe mwali ni wa jirani! Haya, turudishieni kuku wetu wa zawadi!"

Watu wakaangua kicheko. Mama Witness machozi yakamlenga.

Sasa Severina alikuwa amepata alichokiomba. Angenyamaza tu, Fatu angekwisha. Ameniambia mwenyewe: alinyamaza pumzi mbili, na zilikuwa tamu kama asali. Ya tatu akamwona Mama Witness anaurudisha mguu.

"Mama Witneeess!" akaitikia kutoka kule nyuma. "Mkorosho wako umechanua!"

Ngoma zikadaka. Fatu akageuka, akalifuata jina. Wageni wakadhani ndivyo walivyopanga.

Wakampongeza nani? Fatu. Wakapiga naye picha, foleni mpaka jikoni. Severina akarudi kwake na wivu wake ule ule, umenenepa.

Asubuhi Mama Witness akabisha hodi, sahani ya pilau mkononi, kawa juu.

"Shikamoo, Mama Dastani."

"Marahaba. Mwimbaji wako kaondoka?"

"Kaondoka na gari la alfajiri. Dada yangu, jana nusura nitolewe mwali nisiyemzaa." Akacheka, kisha akaacha. "Mwakani namtoa Esther, mdogo wake Witness. Utaimba wewe. Nimeshasema na baba yake. Mama Hamudi tutamsikiliza kwenye simu."

Severina alifunua kawa, akanusa, akafunika tena. Hakutaka uso wake uonekane haraka.

"Nitaimba," akasema. "Ila na yeye mwiteni."

"Mama Hamudi? Wa nini tena?"

"Aje aitikie."