Jina la Maksai

Juzi niliona mchoro wa mti wa ukoo ukutani katika ofisi moja Lodwar, nikamkumbuka Mkanada aliyeandikisha wanafunzi Kakuma. Baba alinipeleka kwake nikiwa mtoto; ofisi yake ilinuka sabuni. Alijigamba kwamba ukoo wake wa Kifaransa ulichukua jina la utani la babu yao askari, maana yake Ua. Nilijificha nyuma ya baba nikidhani ni kuua watu, kumbe ni ua la kunusa tu.

“Apaloreng,” baba alijitaja. “Jina la maksai wangu mwekundu. Kwetu mwanamume huitwa kwa maksai wake.”

“Hilo la utani. Nipe la ukoo, au mtoto hasomi.”

“Wewe unaitwa Ua kwa mzaha wa askari,” baba alisema, akanishika mkono tukaondoka.

Mwalimu wa shule ya Kaikor, tulikokwenda baadaye, aliandika alichoambiwa. Mimi ni Apaloreng mpaka leo.